Makanisa ya Avenyu Mikaratusi

Kibati, tarehe 7 Februari 2022

Kwa Luc Nzabonimpa, Ofisi ya Mpango wa Upanuzi wa Mji, Himbi

Bwana Luc,

Salamu nitakupa siku utakapokuja kuzichukua mwenyewe. Namba yako nimeifunga, usijisumbue kupiga. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu maneno ya simu unayageuza upendavyo, na mimi nilifundisha historia miaka mingi kabla ya kuanza kuuza mbao. Najua mtu anavyobanwa na alichokiandika.

Jana, watu wakitoka misa, shefu wa avenyu alibandika ramani yenu kwenye mlango wa duka la Munezero. "Kibati Baada ya Miaka Ishirini." Picha nzuri kweli. Kuna miti ambayo haijaota, kuna soko lenye paa la bluu, kuna watoto wanene wanaoendesha baiskeli. Na kuna mstari mwekundu. Unatoka barabara kubwa ya Rutshuru, unaingia Avenyu Mikaratusi, unafika kwenye kona, na pale kwenye kona unapita juu ya kitanda changu. Kwa jirani zangu unakwaruza ukuta hapa, choo pale. Kwangu unameza nyumba nzima.

Nitasema bila kuzunguka. Muda mfupi baada ya kumzika mume wangu Nizeyimana, ambaye ni kaka yako wa tumbo moja, ulikuja hapa na baba zako wadogo wawili. Mlikunywa chai yangu, kisha mkauliza kama mwanamke wa kutoka Butembo atabaki kwenye parseli hii, ardhi ya familia yenu. Niliwafukuza. Sasa umerudi bila wazee. Umekuja na kompyuta.

Na usithubutu kuniambia kwamba tulishirikishwa. Mliweka hema karibu na shule, mkagawa soda, ukasimama na kijiti chako ukasema raia ndio wenye mji. Ulipomaliza tukapiga makofi. Ndiyo, tulipiga. Luc, wewe umezaliwa hapa! Ni mgeni gani amewahi kusema Kibati akaondoka bila makofi? Tunampigia makofi mwanasiasa anayetudanganya. Tunampigia mhubiri aliyesahau kwamba watu wana njaa. Makofi ni kumwambia mtu: umechoka, kaa chini. Wewe umeyaandika kuwa kura.

Mwaka 2002, lava ilipokata Goma katikati, wataalamu walikaa wakapanga mji uhamishwe. Kabla hawajamaliza kupanga, watu walikuwa wamesharudi na kujenga juu ya mawe yaliyokuwa bado ya moto. Mji huu haujawahi kumsikiliza mtu mwenye kijiti, kwa sababu mtu mwenye kijiti hajawahi kuusikiliza.

Ondoa mstari wako kitandani kwangu.

Kahambu, mjane wa Nizeyimana


Himbi, tarehe 11 Februari 2022

Shemeji,

Barua yako nimeisoma mbele ya wenzangu, kwa sababu yule motard wa pikipiki uliyemtuma alisimama mezani kwangu akikataa kuondoka. Alisema umemwagiza asirudi kabla hajaona sura yangu ikibadilika. Ilibadilika. Natumaini alikuletea habari hiyo vizuri.

Juu ya baba wadogo: waliniburuta, na niliondoka wa kwanza. Hukuniona kwa sababu ulikuwa unarusha vikombe.

Sasa tuzungumze mambo ya watu wazima. Barabara ile ni ya kukimbilia. Mlima utatapika tena, kesho au baada ya miaka kumi na tano, na wewe unajua hivyo kuliko mtu yeyote. Kibati ya utoto wangu ilikuwa mashamba ya viazi. Leo familia zinashuka kila wiki kutoka Rutshuru na Masisi, parseli moja inakatwa mara nne, na mtu anajenga jiko katikati ya njia kisha anaweka mlango ulioandikwa "Mbwa mkali". Baada ya miaka ishirini hapa patakuwa mji mkubwa kuliko Goma uliyoikuta ulipokuja kuolewa. Mji huo utakimbia kwa njia gani? Kwa kuruka ukuta?

Unasema makofi si kura. Sawa. Lakini niliuliza pia swali, na wewe umelisahau kwa makusudi. Niliuliza nani anataka barabara pana ya kukimbilia. Mikono yote iliinuka, na wako ulikuwa wa kwanza. Kisha nikauliza nani atatoa ardhi. Mikono ileile ikanyooka kuelekea kwa jirani. Hiyo sikufundishwa chuoni. Nimeiona kwenu.

Kanuni ni hizi, na sikuziandika mimi: barabara haigusi makaburi wala nyumba za ibada. Nyumba za kuishi zinaguswa, na wenyewe wanatafutiwa mahali pengine. Kuanzia Jumatatu mawakala wetu watapita mlango kwa mlango kuuliza kila parseli inatumika kwa kazi gani. Mnaolalamika kwamba hamsikilizwi, huo ndio wakati wenu. Raia atasema, mimi nitachora, neno kwa neno. Hiyo ni ahadi.

Luc


Kibati, tarehe 21 Februari 2022

Shemeji mpendwa,

Leo salamu unazo, tele, na za watoto.

Mawakala wako wamepita. Vijana wazuri, wana adabu, wanaandika haraka na hawanyanyui macho. Tumewajibu vizuri sana. Utakapofungua majibu utaona kwamba Avenyu Mikaratusi imebarikiwa kuliko tulivyodhani. Hapa kwangu kwenye kona si nyumba tena. Ni chumba cha maombi, jina lake Mwamba wa Wokovu. Kwa Munezero, anayeuza dawa, ni Chemchemi ya Uponyaji. Nshobole fundi wa kuchomelea ana Moto wa Roho; ukipita mchana unaziona cheche. Na Kasoki, ambaye pombe yake ya kasiksi ulikuwa unainywa kwa mkopo ulipokuwa mwanafunzi, sasa anaongoza Divai Mpya. Mpaka mwisho wa avenyu hakuna hata mtu mmoja anayelala nyumbani. Wote tunalala kanisani.

Ulisema neno kwa neno. Mimi ni raia. Nimesema. Chora.

Mama Mchungaji Kahambu


Himbi, tarehe 3 Machi 2022

Mama Mchungaji,

Unadhani umenicheka mimi peke yangu.

Majibu yenu yalionyeshwa ukutani mbele ya wafadhili. Avenyu nzima ilikuwa ya zambarau, rangi ya ibada. Mgeni mmoja aliguswa sana moyoni. Aliuliza kama ni mahali patakatifu pa mlima, na kama tunaweza kuweka kwenye mpango uwanja wa kuegesha magari ya mahujaji. Mkubwa wangu akaniangalia. Ningesema nini? Kwamba wiki ile ile niliingia Chemchemi ya Uponyaji kununua dawa ya malaria, na mchungaji akakataa kunipunguzia bei?

Nilikuwa nimeahidi neno kwa neno. Umeikamata shingo ya ahadi yangu, hongera. Lakini wewe mwalimu wa historia umesahau jambo moja: barabara haikufutwa. Ilihamishwa. Watu wa avenyu ya nyuma walisikia ujanja wenu na wao wakajenga makanisa kwa mdomo, mlango kwa mlango. Isipokuwa parseli moja. Hapo wakala alimkuta mwanamke mzee, akamuuliza, naye akajibu: hapa ni nyumbani, ninalala hapa. Kwa hiyo kompyuta, isiyojua aibu, ilitafuta mahali ambapo hakuna Mungu, ikapata kwa mama mmoja anayekwenda misa kila asubuhi.

Unamjua. Ni Mukagasana. Ni mama yangu na mama mkwe wako, aliyekuosha na kukulisha uji ulipomzaa Charline. Mstari sasa unapita juu ya kitanda chake.

Sitaki kuamini kwamba ulipanga hivyo. Lakini pia sikumbuki siku mliyopika sufuria moja bila kugombana.

Luc


Kibati, tarehe 5 Machi 2022

Luc,

Mimi na mama yako tumegombana juu ya chumvi, juu ya kuni, juu ya namna ya kumfunga mtoto mgongoni. Hatujawahi kugombana juu ya nani ana haki ya kuwa na mlango. Rudia maneno yale mbele yangu kama una meno ya ziada.

Unanilaumu mimi kwa mstari uliochorwa na mkono wako! Hivyo ndivyo mnavyofanya nyote mnaofanya kazi karibu na ziwa, mahali pasipo na vumbi. Mstari ukipendeza, ni utaalamu. Mstari ukiua, ni raia wamesema. Mlitupa kanuni yenye mlango mmoja tu wa kutokea, tukatoka kwa mlango huo, sasa mnashangaa kutuona nje. Kama kanuni yenu ingesema barabara haigusi mabanda ya mbuzi, leo avenyu nzima ingekuwa inalia mee.

Mama Mukagasana hajui kusema uongo. Wewe ulijua hivyo kabla ya mimi kuolewa kwenu. Ulipowatuma mawakala ulijua kwamba kuna mtu mmoja Kibati ambaye atajibu kweli, na hukufikiria ingemfanyia nini. Umejifunza kuchora mji mzima na umeshindwa kumfikiria mama yako.

Kalamu iko mkononi mwa nani? Hamisha mstari. Au mwanaume ndani yako alibaki chuoni?

Kahambu


Himbi, tarehe 9 Machi 2022

Kahambu,

Siwezi kuhamisha. Nikiuondoa mstari kwa mama yangu mzazi, kesho yake mtu atasimama mlangoni kwa Munezero aseme: mnaona, mpango ni wa familia, wenye mtoto Himbi wanapona. Mtu huyo utakuwa wewe. Ungeandika barua nzuri sana.

Umeuliza tangu mwanzo kwa nini mstari wa kwanza ulipita kwenye kona yako. Umejijibu mwenyewe: ardhi. Nilikuacha uamini hivyo kwa sababu lilikuwa jibu jepesi kuliko lile la kweli. Basi chukua la kweli.

Jioni ile ya tarehe 22 Mei mwaka jana, mlima ulipopasuka, wewe ulikuwa Butembo kununua mbao. Nilikuja na pikapu ya kuazima. Mama alikaa mbele. Nizeyimana, niliyemkuta kwa mama, nilimlaza nyuma, pumu ilikuwa imeshamkamata, na moshi ulikuwa unashuka. Tukafika kwenye kona. Unaijua kona. Upande mmoja ukuta wa Nshobole, upande wa pili ukuta ambao Nizeyimana mwenyewe aliusogeza hadi ukingoni mwa njia ili mbao zako zisilowe. Gari halikupinda. Nilirudi nyuma, nikajaribu tena. Nyuma yetu watu walikuwa wanapiga kelele, pikipiki zinaingia kila upenyo, hakuna pa kurudi. Niligonga ukuta mara kadhaa. Alikuwa ameujenga vizuri, kama alivyojenga kila kitu. Mwishowe tulimshusha, mimi na watu nisiowajua, tukambeba hadi barabara kubwa. Hakufika Kibumba tulikokuwa tunakimbilia.

Tulikuambia moshi ndio uliomuua. Ni kweli. Lakini kona ile ndiyo iliyoupa moshi nafasi ya kumaliza kazi. Sikukuambia kwa sababu ukuta ule unauona kila asubuhi ukifungua mlango.

Tarehe 25 Machi kuna mkutano wa kupitisha ramani, shuleni kwenu. Sitakuwepo. Nyumba ya mama yangu imo, na kanuni inanitoa mlangoni. Mafundi wamepima: kona yako ikifunguka peke yake, gari kubwa linapinda, na makanisa mengine yote tunaweza kuyaacha kama yalivyo, Mungu atatusamehe. Mstari utarudi Mikaratusi, na mama atabaki kwake. Lakini mwenye parseli lazima asimame mwenyewe na kusema parseli yake ni nini. Hakuna mtu mwingine anayeweza kulisema hilo kwa niaba yako.

Sasa fanya unavyotaka.

Luc


Kibati, tarehe 14 Machi 2022

Wewe Luc,

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama kwenye kona, nikaimalizia nimekaa chini kwenye mawe. Watu wakadhani nimeugua.

Ukuta ule nimeupaka chokaa wakati wa Noeli. Unasikia? Niliupaka chokaa kwa sababu ulikuwa na mikwaruzo na sehemu imebomoka, nikasema ni pikipiki za wapumbavu. Nilikuwa napaka chokaa mahali mlipogonga.

Sikulaumu kwa kona. Kona aliijenga yeye, na aliijenga kwa ajili yangu, hilo nitalibeba mwenyewe. Nakulaumu kwa hema. Ulileta kompyuta, picha za kutoka angani, rangi, soda, vijana wenye vizibao vilivyoandikwa mgongoni, na vyote hivyo ulivileta ili usiseme sentensi moja: kaka yangu alifia hapa kwa sababu gari halikupinda. Sentensi hiyo ungeisema chini ya hema, ungeona kama kuna mkono ungenyooka kwa jirani. Mimi ningetoka pale na nyundo. Badala yake ulituuliza tunataka nini, ukaficha unachojua. Huko si kushirikisha watu. Ni kuwatega uone watakanyaga wapi. Mpango wako wa miaka ishirini ni msiba wako, umeuvalisha tai, ukatuomba tuupigie makofi bila kutuambia nani amekufa.

Na sasa, kwa taarifa yako, mambo yameharibika kuliko unavyojua. Uongo wetu umeota miguu. Habari ya kwamba Mikaratusi imeandikwa eneo la ibada ilifika hadi Katoyi, na wachungaji wa kweli wamekuja kutafuta nafasi. Munezero amempangisha mmoja chumba cha mbele. Ana kipaza sauti, na ameking'oa kwa waumini akakielekeza dirishani kwangu. Jana nilikwenda kwao wote kuwaambia kwamba nataka kusema ukweli mkutanoni.

Nshobole hakuzima hata mashine yake. "Mama Kahambu, weye ndiye ulitufundisha kuimba, sasa unataka tunyamaze? Ukisema yako haiko kanisa, watauliza na zetu. Utakuwa umetuuza."

Nikamwambia kona yangu inatosha, zenu hawatazigusa.

"Nani amesema?"

"Luc."

Alicheka hadi akavua miwani ya kazi. "Ule Luc wa karatasi? Ule unayemutukana kila siku kwa barua?"

Kasoki naye ananiambia, mikono kiunoni: "Mama, siku ya Yenga, watu wakitoka kuomba, sasa nauza soda kuliko kasiksi. Walevi wangu wameokoka, na wanalipa. Unataka nirudi katika zambi?"

Munezero alikuwa na adabu zaidi. Alisema tu kwamba mutu akishapata pasta, hamurudishe dukani.

Kwa hiyo ndiyo hali. Nikisema, nitakuwa adui wa avenyu niliyoishi nayo tangu niolewe. Nikinyamaza, tingatinga litakwenda kwa mama yako. Na nyumba unayotaka niitoe ndiyo kitu pekee nilichobakiwa nacho ambacho Nizeyimana alikishika kwa mikono yake, kila jiwe.

Usiniandikie tena.

Kahambu


Kibati, tarehe 17 Machi 2022

Kwa mutoto wangu Luc, na kwa Kahambu, kila mumoja nakala yake. Anayeandika ni katekista Bagalwa, maneno ni yangu, na nimemukataza kuyatengeneza.

Nasikia munaandikiana. Watu wazima, pikipiki inawafikisha mbele chai haijapoa, munaandikiana kama wafungwa. Na munaandikiana juu ya nyumba yangu. Mumoja ameniuliza? Hapana. Aliyeniuliza ni yule kijana wa kizibao tu.

Aliniuliza: "Bibi, hapa munafanyia nini?" Nikamwambia nalala, napika, nagombana na kuku. Akauliza: "Na kuomba je?" Nikasema naomba kila jioni. Akafurahi, akataka kuandika kanisa kama alivyoandika kwa wengine. Nikamushika mukono. Nikamwambia, kijana, hata chooni naomba, tena sana. Utaandika choo yangu ni kanisa? Akacheka, akaandika nyumba. Sioni kama nilikosea.

Luc, ulinikataza kumwambia Kahambu mambo ya ile kona. Nilinyamaza kwa sababu yako na nilifanya vibaya. Nilikuwa katika ile gari. Nizeyimana alipoona haipite, alisema mumushushe mama kwanza. Sauti hakuwa nayo tena, alisema kwa mukono. Mukanishusha mimi kwanza. Hiyo nayo, Luc, hukuiandika, najua hukuiandika. Sasa iko imeandikwa.

Barabara mimi naitaka. Kama ingesemwa kwamba gari ilikwama kwangu, ningekuwa nimeshatoka, hata bila ya kulipwa, nikalale kwa watawa. Lakini gari haikukwama kwangu. Ilikwama kule. Mukipitisha barabara kwangu, na mulima ukapasuka, watu wa Mikaratusi watakuja mpaka kwenye ile kona, na watashusha tena mugonjwa wao. Mutakuwa mumenitoa bure.

Kahambu, sikuambie la kufanya. Weye ni mwalimu. Lakini ukivunja kwako, utakuja kuishi hapa kwangu. Chumba kiko. Unatia chumvi nyingi, nitakula. Na usiniletee ule muziki wa Butembo asubuhi.

Mama yenu, Mukagasana


Kibati, tarehe 27 Machi 2022

Luc,

Nilisema usiniandikie. Sikusema mimi sitakuandikia.

Mkutano umepita. Msaidizi wako, yule binti Umuhire, alisoma majina ya parseli moja moja, na kila mwenye parseli alisimama kuthibitisha. Munezero alisimama akasema Chemchemi ya Uponyaji, pasta wake akasema amina. Walipofika kwenye kona, wakasoma Mwamba wa Wokovu. Nilisimama.

Nilisema: hakuna mwamba wala wokovu. Pale ni nyumba. Nauza mbao mbele, nalala nyuma. Chumba cha maombi nilikitunga mimi, na jina nililitunga nikiwa nachagua mchele. Kisha nikawaambia kuhusu gari. Nilisema yote, na mkono wa Nizeyimana, na nani alishushwa kwanza. Sikuwa nimepanga kulisema hilo la mwisho, lilitoka lenyewe. Wengi pale walikuwa kwenye njia ile jioni ile, Luc. Mmoja alipaza sauti kutoka nyuma: "Ni mimi nilikuwa napiga honi."

Usidhani wamenisamehe. Nshobole alitoka nje kabla sijamaliza, na leo asubuhi hakuitikia salamu yangu. Kasoki alisema kwa sauti ili nisikie: "Mchungaji ameasi." Pasta wa Munezero ameniombea mbele ya watu, kwa kutaja jina. Nitakaa na maadui hawa hadi nife, wewe utakuwa Himbi unakunywa kahawa.

Umuhire akaniuliza: "Mama, tuandike kwamba umekubali baada ya kushirikishwa?" Nikamwambia thubutu. Andika kwamba niliulizwa kwanza na kuambiwa sababu baadaye, na kwamba ingekuwa kinyume, tungeokoa miezi miwili na avenyu nzima ya marafiki. Akasema nafasi ya kuandika haitoshi. Nikamwambia aongeze karatasi.

Nimeshahamisha kitanda kwa mama yako. Jana alinipokea kwa kuonja mchuzi wangu na kwenda kunywa maji. Mbao nimezipeleka kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, hadi uani kwake, kuku wake wamekwisha kuzipanda. Paa litafunguliwa kesho. Ukuta sijaugusa, na hakuna fundi atakayeugusa.

Jumamosi ijayo ni salongo, kazi ya pamoja ya usafi. Avenyu yote itakuwa nje na majembe na mifagio, na watakuwa wananiangalia mimi. Utakuja. Hutamtuma Umuhire, hutamtuma kijana wa kizibao, hutavaa kizibao. Utakuja na nyundo, mapema, na jiwe la kwanza utalitoa wewe kwa mikono yako, mbele yao wote, na utawaambia kwa mdomo wako yale uliyoniandikia mimi. Sio miaka ishirini, sio rangi. Yale. La pili nitalitoa mimi. Tukimaliza utakwenda zako, na chai sitakupa.

Na usipokuja, Luc, nakuapia kwa kaburi la kaka yako: Jumatatu naanza kujenga upya, hadi ukingo wa njia, kwa saruji, na safari hii naweka kengele ya kanisa.

Kahambu